Kimbunga Kimepungua Nguvu, Je, Nitoe Chombo? Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Barua nyingi za safari hii zimetoka pwani, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kimbunga kinatangazwa kikiwa mbali, watu wanajiandaa, halafu redio inasema kimepungua nguvu kabla hakijafika. Wengine wanacheka, wengine wanarudi baharini siku hiyohiyo. Tumejibu kila barua kwa kadiri inavyostahili, na zipo zilizotosheka kwa mistari michache.

Aprili 2021 tulitangaziwa Jobo. Tukafunga madirisha, tukalala na viatu. Asubuhi jua likawaka kama kawaida. Je, watabiri walikosea? (Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam)

Hawakukosea kuhusu kuwepo kwake. Jobo kilikuja kweli kutoka kaskazini ya Madagaska, kikakatiza upande wa visiwa vya Aldabra vya Shelisheli, kikaelekea kwetu. Ila kilikuwa kidogo kwa umbo, na vimbunga vidogo ni moto wa makuti: huwaka ghafla, na huzimika vilevile.

Kimbunga hula mvuke wa bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na kuendelea. Mvuke unapanda kwenye kitovu, unageuka mawingu marefu ya ngurumo, na mawingu hayo yanapaswa kusimama wima juu ya kitovu kama nguzo ya nyumba. Kikikaribia bara la Afrika, mara nyingi hukutana na mambo mawili kwa pamoja. Upepo wa juu, kimo cha kilomita 10 na zaidi, unavuma kwenda upande tofauti na ule wa chini, basi nguzo inalala. Hewa kavu nayo inaingia ubavuni na kukausha mawingu. Ndiyo yaliyompata Jobo. Kinachobaki ni kitovu kilicho uchi, mawingu mepesi yanayozunguka bila ngurumo, huku mvua yote imesukumwa kando umbali wa makumi ya kilomita. Kwa kimbunga kidogo, kazi hiyo haichukui hata siku nzima.

Dhoruba iliyodhoofika ina tabia nyingine tatu zinazowasumbua watabiri kuliko kimbunga kikubwa. Kwanza, hubadili njia. Kimbunga chenye nguvu ni kirefu kwenda juu, basi huburutwa na pepo za juu. Kikidhoofika kinakuwa kifupi, kinashikwa na pepo za chini tu, na mwelekeo wake unageuka. Pili, kitovu chake huruka. Ngurumo kubwa ikizuka kando, mzunguko mpya unaweza kujengeka chini yake, na ramani ya asubuhi ikaonyesha kitovu mahali ambapo jioni hapakuwa na kitu. Tatu, huamka usiku. Ngurumo za baharini hupenda kukua kati ya saa sita usiku na alfajiri, kwa hiyo dhoruba iliyoonekana imekufa wakati wa magharibi inaweza kumwaga mvua kubwa saa kumi usiku.

Sasa pima mwenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 230. Utabiri mzuri wa saa 24 kuhusu mahali pa kitovu unaweza kupishana na ukweli kwa kilomita 100 hivi, na kwa dhoruba dhaifu zaidi ya hapo. Anayetangaza pwani yote badala ya wilaya moja hajakuongopea. Angetaja wilaya moja, hapo ndipo tungemtilia shaka.

Mimi ni nahodha wa mashua, Kilindoni. Wakisema "kimepungua nguvu", ninaweza kutoa chombo? Na nitajuaje kiko wapi bila simu? (Mafia)

Nahodha, usitoe. Upepo wa kitovu ukipungua leo, bahari haijui habari hiyo mpaka kesho au keshokutwa. Mawimbi yaliyokwisha zaliwa yanaendelea na safari yao.

Mawimbi hayohayo ndiyo taarifa yako ya kwanza. Siku za kawaida, mawimbi ya upepo wa hapo hapo hupishana kila sekunde 4 hadi 6. Ukiona mawimbi mapana, laini mgongoni, yanapishana kila sekunde 10, na upepo wa kuyaleta haupo, yametoka mbali. Mawimbi ya sekunde 10 husafiri karibu kilomita 28 kwa saa, wakati kimbunga chenyewe mara nyingi kinatembea kama kilomita 15. Kikiwa umbali wa kilomita 600, mawimbi yatakufikia baada ya saa 21 hivi, chenyewe baada ya saa 40. Hesabu kwa saa ya mkononi: pima mawimbi kumi yanayopita kwenye kigingi kimoja, kisha gawa kwa kumi.

Kujua kitovu kiliko, tumia uso wako. Huku kusini ya ikweta vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Simama ukielekeza uso upepo unakotoka: kitovu kiko kushoto kwako, nyuma kidogo. Upepo ukitoka kusini-magharibi, kitovu kiko mashariki, baharini. Baada ya saa mbili tatu pima tena. Upepo ukihamia kusini-mashariki kisha mashariki, kitovu kinapita kaskazini yako, nawe uko upande mbaya, upande ambao upepo unatoka baharini na kusukuma maji nchi kavu. Ukihamia magharibi kisha kaskazini-magharibi, kinapita kusini yako. Upepo unatoka bara, maji yanasukumwa nje. Usidhani huo ni unafuu kwa chombo kilicho baharini, maana ndio upepo unaompeleka mtu bahari kuu.

Mwezi wa Mei kuna la ziada. Kusi imekwisha anza, na upande wa mbele wa kimbunga kinachokuja kutoka mashariki nao huvuma kutoka kusini. Pepo mbili za njia moja zinajumlishwa. Ndiyo maana bahari huchafuka mamia ya kilomita kutoka kitovu, hata kama kitovu chenyewe ni cha kuchekesha. Kwenye mlango wa bahari kati ya Mafia na bara, hatari ni pale mkondo wa maji unapokwenda kinyume na upepo: mawimbi yanafupika, yanasimama wima, na mashua inayobeba mzigo omoni (sehemu ya mbele) haiwezi kuyapanda.

Usidanganywe na utulivu. Dhoruba dhaifu kwa kawaida haina jicho. Ukiona mvua na upepo nusu saa, kisha jua saa nzima, hiyo ni nafasi kati ya mkanda mmoja wa mvua na mwingine.

Chombo ukiingize kwenye mkono wa bahari wenye mikoko, ushushe tanga na foromali (mti unaoshikilia tanga), utoe mashine. Kamba ya nanga iwe mara saba ya kina, na kina kihesabiwe wakati maji yamejaa. Kosa tunalosikia mara nyingi ni hili: mtu anatia nanga maji yamekupwa, kina mita 2, anatoa kamba mita 15 na kuridhika. Bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu) linaongeza mita 3 na nusu, omo iko nusu mita juu ya maji, jumla mita 6. Anahitaji mita 42. Kwa mita 15, nanga inavutwa kwenda juu badala ya pembeni, inang'oka, na chombo kinaokotwa kwenye mwamba.

Mgandamizo mdogo wa hewa, dhoruba, kimbunga: ni kitu kimoja? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Tanga)

Ni ngazi za kitu kimoja. Kwa bahari yetu ya kusini-magharibi ya Hindi, ngazi hupangwa na kituo cha kisiwa cha Réunion kwa wastani wa upepo wa dakika 10. Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, mfumo unakuwa dhoruba ya wastani na unapewa jina. Kuanzia 89 ni dhoruba kali. Kuanzia 118 ndipo unaitwa kimbunga kamili. Redioni jina "kimbunga" hutumika kwa zote, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Kumbuka pia kuwa huo ni wastani. Dhoruba ya kilomita 65 hutoa vishindo vya kama 90.

Ngazi hizi hazipimi mvua hata tone. Ana, Januari 2022, haikufika ngazi ya kimbunga. Iliingia Msumbiji kupitia Nampula, ikaenda kufa bara, na mvua yake ikafurisha Mto Shire nchini Malawi na kuharibu kituo cha kufua umeme cha Kapichira.

Hidaya walisema kimekwisha, lakini barabara ya kusini ikakatika. Imekuwaje? (Dereva wa lori, Lindi)

Kilikwisha upepo. Hidaya kilikuwa na nguvu ya kimbunga kamili tarehe 3 Mei 2024 kikiwa baharini, kikapungua haraka, na kufikia Mafia Jumamosi tarehe 4. Upepo ni moto wa makuti, lakini mvua ni moto wa kumbi za nazi, unafuka muda mrefu. Hewa iliyojaa mvuke haipotei kwa sababu mzunguko umelegea. Inaendelea kuingia bara, na dhoruba iliyodhoofika mara nyingi hupunguza na mwendo, kwa hiyo mahali pamoja panapigwa kwa muda mrefu zaidi.

Ramani nayo inaeleza. Kitovu kilikuwa Mafia, maji yakavunja barabara upande wa Kilwa, sehemu za Somanga. Huo ndio ule upande wa kusini tuliomweleza nahodha, ambako upepo unatoka baharini na kusukuma mvuke nchi kavu bila kukoma.

Barabara yenyewe hukatika kwa njia inayojulikana. Maji yanaleta magogo na majani, kalvati linaziba, maji yanapanda nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yanamwagika juu ya lami. Lami haivunjiki upande yanakotoka. Yanapoangukia upande wa pili yanachimba mguu wa tuta, udongo unatoka chini, lami inabaki kama ubao uliotokeza. Kutoka kwenye kiti cha dereva barabara inaonekana nzima. Ndiyo sababu hatupendi ushauri wa "mfuate aliyetangulia": wa kwanza anapita, wa pili anapita, uzito wa tatu ndio unaoibomoa.

Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuinua gari dogo. Sentimita 60 yanachukua karibu gari lolote la kawaida, na lori tupu linaelea mapema kuliko lililobeba. Shuka, tazama ukingo wa upande maji yanakoangukia. Ukiona udongo unamegeka, geuza. Na mito kama Matandu huleta maji ya juu baada ya mvua kukatika, pengine siku ya pili yake, anga likiwa jeupe.

Mbona havifiki kwetu? (Mombasa)

Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauusokoti upepo vya kutosha. Chini ya nyuzi 5 mfumo hushindwa kujikusanya au, ukifika, hulegea. Si ukuta lakini. Mei 2024, wiki chache baada ya Hidaya, Ialy kilipanda kaskazini kikiwa baharini mkabala wa Kenya, na upande wa kaskazini ya ikweta Gati kilitua Somalia Novemba 2020. Kwenu Kenya tishio la kawaida ni la mbali: kimbunga kikikaa Mlango wa Msumbiji, kinaweza kuvuta mvuke wote kwake. Machi 2019 Idai kilifanya hivyo, na masika ikachelewa.

Nina nyumba ya bati geji 30, Mtwara. Nifanye nini kwa bei ndogo? Na ni kweli tufungue madirisha ili presha ilingane? (Mtwara Mikindani)

Tuanze na madirisha: funga. Upepo ukiingia ndani unasukuma paa kutoka chini, wakati ule wa nje unalinyonya kutoka juu. Umewapa wezi wawili mlango mmoja.

Bati la geji 30 lina uzito wa kama kilo 2 na nusu kwa mita ya mraba. Kishindo cha kilomita 90 kwa saa kinakandamiza karibu kilo 38 kwa mita ya mraba, na kwenye pembe na kingo za paa mnyonyo unaweza kuwa maradufu ya hapo. Kwa hiyo bati halishikwi na uzito wake, linashikwa na misumari. Nguvu hii pia haiendi sambamba na mwendo: upepo ukitoka 60 kwenda 90, nguvu inazidi mara mbili.

Fedha kidogo uliyonayo itumie pembezoni. Kwenye safu ya kwanza na ya mwisho ya papi, na kwenye kingo mbili za ubavuni, piga msumari wa kofia kila mgongo wa bati. Katikati ya paa, kuruka mgongo mmoja na kupiga unaofuata kunatosha. Msumari upite mgongoni, si bondeni, uwe na mpira, na ncha ikitokeza chini ya papi ikunjwe. Kisha panda darini na utazame papi zinavyokaa juu ya kenchi. Kwa nyumba nyingi zimeshikwa na msumari mmoja uliopigwa kutoka juu, na huo hung'oka kama jino bovu. Funga kila makutano kwa waya wa kufungia nondo, mizunguko mitatu, ukaze kwa koleo. Kenchi nazo zifungwe kwenye lenta au nondo ya ukutani. Vinginevyo paa zima litaondoka likiwa limeshikana vizuri. Upenu uliozidi sentimita 60 ni mpini wa upepo, uwekee mihimili ya kuushika.

Mawe na matofali juu ya bati yaondoe. Bati likipepea, yanakuwa makombora.

Na mtungi wa maji usisahau: paa la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 100, linamwaga lita 8,000. Kama simtanki lako ni la lita 1,000, elekeza ziada mbali na msingi kabla mvua haijaanza.

Nalima mwani Jambiani. Dhoruba ndogo inanihusu? (Unguja)

Inakuhusu kwa mwezi kuliko kwa jina. Dhoruba dhaifu huinua bahari kidogo: kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ikipungua kwenye hewa, maji hupanda kama sentimita moja, kwa hiyo mfumo wa hektopaskali 995, kawaida ikiwa kama 1,010, unaongeza sentimita 15 tu, ukiacha msukumo wa upepo na mawimbi. Kati ya maji mafu (maji madogo ya robo za mwezi) na bamvua tofauti ya maji kujaa inapita hapo mbali. Hidaya kilifika siku tatu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, maji mafu yametoka tu. Jobo kilikuja siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, bamvua linakua. Ingekuwa kinyume chake, watu wa Mafia na Kilwa wangekuwa na habari nyingine.

Kwako, vuna kamba zilizokaribia kukomaa mara tu angalizo la upepo na mawimbi likitoka, na uongeze mambo (vigingi) kwenye ncha za mashamba yanayotazama nje. Hasara kubwa si mawimbi peke yake. Mvua kubwa ikinyesha maji yakiwa yamekupwa, mwani unaoshwa na maji baridi, yasiyo na chumvi, na kuanza kuoza. Uliokatika na kusukumwa ufukweni anika haraka. Ukilundikwa mbichi usiku mmoja umekwisha.

Wazee husema Unguja iliwahi kupigwa kimbunga kikakata mikarafuu yote. Ni kweli? (Wete, Pemba)

Ni kweli. Ilikuwa Aprili 15, 1872, zama za Sayyid Barghash: majahazi na merikebu zikapondwa bandarini, minazi na mikarafuu ya Unguja ikalala. Lindi nayo ilipigwa Aprili 15, 1952. Tarehe kufanana ni bahati, mwezi si bahati. Kenneth kilitua Cabo Delgado Aprili 2019, Jobo Aprili, Hidaya Mei. Huku kwetu hatari huja mwishoni mwa msimu, wakati ukanda wa mvua unarudi kaskazini na vimbunga vinaweza kuzaliwa karibu zaidi na ikweta. Mwaka ule wa 1872 Pemba ilinusurika, na karafuu yake ndiyo iliyojaza soko Unguja ilipokuwa ikipanda upya.